Jibu la Mwenyekiti

Mwenyekiti wa mjadala hana ulimi. Kazi yake ni kugonga meza, kutazama saa na kuhesabu mikono. Muhula uliopita, katika chuo cha ualimu ninachofundisha hapa Lodwar, nilikalishwa katika kiti hicho, na wanafunzi wakajadili mbele yangu hoja iliyoandikwa ubaoni kwa chaki: "Vizimba vya kufugia samaki vitawaokoa samaki wa Ziwa Turkana." Upande ulioiunga mkono ulishinda kwa kura nyingi. Nilitangaza matokeo, nikawashukuru wasemaji wa pande zote mbili, nikaenda nyumbani na koo limejaa maneno niliyoyameza. Leo mimi si mwenyekiti. Wewe msomaji, ambaye huenda hujawa mpiga kura lakini hivi karibuni utakuwa, nakuomba unisikilize, kisha useme kama mikono ile iliinuliwa kwa haki.

Kwanza niiseme hoja yao kwa uaminifu, maana si uungwana kupigana na mtu uliyemfunga mikono. Walisema kwamba samaki wa ziwa wanapungua kwa kuwa wavuvi wamezidi na matundu ya nyavu yamekuwa madogo. Mtu akifuga samaki wake katika kizimba, yaani wavu ulioshonwa kama chumba na kuelezwa majini, hatakuwa na haja ya kuwafuata samaki wa mwitu. Nao watapumzika, watazaana, na ziwa litajaa kama zamani. Msemaji wao mkuu, kijana hodari wa maneno, alimaliza kwa mfano uliopigiwa makofi mpaka madirisha yakatetema. Alisema, "Mwenye mbuzi zizini hamwindi swala."

Mfano ni mzuri, na uzuri wake ndio hatari yake. Sisi tuliokulia Turkana twajua zizi ni nini. Ni miiba. Mbuzi yuko ndani, fisi yuko nje, na kati yao pana ukuta unaochoma. Kizimba cha samaki ni zizi ambalo ukuta wake ni matundu matupu. Samaki hawezi kupita, naam, lakini maji hupita usiku na mchana, na pamoja na maji hupita kila kitu kilichomo: kinyesi, mabaki ya chakula, dawa, chawa, maradhi, na siku wavu ukipasuka, hupita samaki mwenyewe. Mbuzi wako hawezi kumwambukiza swala aliye upande wa pili wa mlima. Samaki wa kizimbani na samaki wa mwitu huvuta pumzi katika maji yale yale. Basi aliyesema kwamba mmoja atampumzisha mwenziwe amesahau kwamba wote wawili wamo katika nyumba moja isiyo na vyumba.

Nalo ziwa letu si nyumba ya kuchezea. Ukitoka Lodwar kwenda Kalokol waliona mbele yako, kubwa, la kijani, katikati ya nchi kavu. Hakuna duniani ziwa jingine la kudumu lililo jangwani lenye ukubwa kama wake. Karibu maji yake yote huletwa na mto mmoja, Omo, kutoka Ethiopia. Hakuna mto hata mmoja utokao. Maji yakiisha kuingia hayana njia ya kutoka ila kuwa mvuke, na mvuke hauchukui uchafu. Kila kitupwacho humo hukaa humo. Ndiyo maana maji yake yana magadi, na ndiyo maana samaki waliomo ni watu wa pekee, wamezoea makali ambayo samaki wa mahali pengine hawayajui. Tilapia wa Ziwa Turkana ana nasaba yake mwenyewe. Mwaka 1933 mtaalamu wa samaki wa Uingereza, Ethelwynn Trewavas, alimpa jina la vulcani, jina linalokumbusha volkano, na hata leo wataalamu humweka mbali na ndugu zake wa mto Nile. Mtoto wa Kalokol anayemla kwa ugali hana habari kwamba mbele yake pana samaki asiyepatikana kwa asili penginepo. Nami sikuwa na habari hiyo nilipokuwa na umri wake.

Wasemaji walioshinda walilitaja jina la Norway mara tatu kama mfano wa nchi iliyotajirika kwa vizimba. Hapa kwetu jina hilo halihitaji ramani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wanorway walitujengea kiwanda cha kugandisha samaki pale Kalokol. Nia yao ilikuwa njema. Lakini kugandisha samaki katika joto la Turkana kulidai umeme na maji safi kuliko uwezo wa samaki wenyewe kulipa, kiwanda kikafungwa baada ya muda mfupi tu wa kazi. Na Ghuba ya Ferguson, iliyokuwa chungu cha tilapia, ikakauka katika miaka hiyo hiyo, wavuvi wakabaki kutazama mchanga. Wazee wa Kalokol huliangalia jengo lile kama mtu aangaliavyo nguo ya marehemu. Siwacheki waliolijenga. Nasema tu kwamba ushauri mwema kutoka mbali tumekwisha kuupokea mara moja, na yafaa mara ya pili tuulize kwanza umewafaa vipi wenyewe.

Basi tuulize. Norway ndiyo inayoongoza duniani kwa kufuga samoni, zaidi ya tani milioni moja kila mwaka, katika vizimba vilivyotiwa kwenye ghuba nyembamba za bahari zinazopenya kati ya milima. Samoni wa mwitu huzaliwa mtoni, akikua kidogo huteremka baharini, na akiisha kukomaa hurudi mto ule ule kutaga. Safari yake humpitisha mbele ya vizimba. Sasa, pana mdudu mdogo wa baharini aitwaye chawa wa samoni, ambaye hujishikiza kwenye ngozi na kuila. Zamani chawa huyu hakuwa balaa: wakati wa baridi samoni wengi walikuwa mbali baharini, na karibu na pwani hakupata wa kumng'ang'ania. Vizimba vikampa karamu ya mwaka mzima, maelfu kwa maelfu ya samaki waliosongamana wasioweza kukimbia. Huzaana humo, na watoto wake huchukuliwa na maji mpaka wamkute samoni mchanga, mwepesi kuliko barua, ndiyo kwanza aiona bahari. Mkubwa huwavumilia chawa kadhaa. Mchanga hufa.

Hayo ni ya chawa. Ya damu ni mabaya zaidi, maana chawa hutibika. Samaki wa kizimbani amechaguliwa kizazi baada ya kizazi ili anenepe upesi. Hajui adui, hajui njaa, hajui mto. Wavu ukipasuka hukimbilia mitoni na kuzaana na wenyeji, na watoto wao huwa na unene wa baba bila akili ya mama. Wanorway wenyewe, watu wa kupima mambo, wamepima samoni wa mitoni mwao, na katika takriban thuluthi mbili za mito waliyoichunguza wamekuta dalili za damu ya kizimbani. Mwaka 2021 samoni wa mwitu aliandikwa katika orodha ya nchi hiyo ya viumbe wanaokaribia hatari. Mwezi wa Juni 2024 samaki waliorudi walikuwa wachache hata serikali ikafunga uvuvi wa samoni katika mito 33 kwa mara moja. Siwezi kusema yote ni makosa ya vizimba. Bahari yenyewe imebadilika, na mtu mkweli hapachiki kila kifo kwa adui yake. Lakini wataalamu walioteuliwa kuishauri serikali ya huko wamewataja samaki waliotoroka na chawa wa vizimbani kuwa miongoni mwa hatari kubwa kupita zote. Hiyo ni nchi yenye fedha, yenye wakaguzi, yenye sheria na watu wa kuzitii. Kama vizimba huokoa samaki wa mwitu, mbona pale vilipo vingi kuliko popote ndipo mito inapofungwa?

Msemaji wangu hodari angesimama hapa na kusema, "Hoja ya utaratibu, Bwana Mwenyekiti! Samoni si tilapia, na bahari si ziwa." Vema. Tuje nyumbani.

Katika upande wa Kenya wa Ziwa Victoria vizimba vilianza kuenea kwa wingi baada ya mwaka 2010, na kabla ya kufika 2018 vilikwisha kuhesabiwa kupita 3,000. Viko wapi? Mtu wa kizimba hutaka maji matulivu yaliyo karibu, ili asichoke kupiga kasia na ili amwone mwizi. Kwa hiyo vingi vimewekwa katika vighuba karibu na ufuo. Bahati mbaya, tilapia wa mwitu naye ana haja hiyo hiyo. Dume huchimba kiota kama sahani katika maji ya kina kifupi, jike hutaga, kisha huyaokota mayai na kuyahifadhi kinywani mwake, asile, mpaka watoto waanguliwe, na hata baadaye wakitishwa hukimbilia kinywani mwa mama yao. Sijui mnyama mwingine anayestahili zaidi kuachiwa chumba chake cha uzazi. Nasi tunamwekea juu ya kitanda chake choo cha samaki elfu mbili.

Mwaka 2022 maji ya upande wa Kisumu yalipungukiwa na oksijeni, na samaki wa vizimbani wakafa kwa wingi wa kutisha, kwa kuwa hawakuweza kukimbia kutafuta maji mema. Wafugaji walilia kwa haki. Wengi walikuwa na madeni. Mizoga ilipooza iliyanyang'anya maji hata pumzi kidogo iliyobaki. Na mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba wamevikuta virusi vya tilapia, vile vilivyokwisha kuua samaki katika nchi nyingine, ndani ya samaki wa Ziwa Victoria upande wa Uganda na wa Tanzania. Walivikuta katika samaki wa kufugwa na katika samaki wa mwitu pia. Samaki hao hawakuonekana kuugua, na sitaki kukutisha zaidi ya ukweli. Lakini angalia neno "pia". Neno hilo dogo ndilo linalovunja zizi la rafiki yangu.

Tena Ziwa Victoria lilikwisha kutufundisha zamani, kabla ya vizimba. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 walitiwa humo samaki wageni kwa nia ya kuongeza chakula: sangara, ambaye wenyeji wa huko humwita mbuta, na tilapia wa mto Nile. Chakula kiliongezeka, hilo si la kubishia. Lakini ngege, tilapia wa asili wa ziwa lile, aliyekuwa amekwisha kuchoshwa na nyavu, alisukumwa na wageni hao mpaka katika miaka ya 1980 akawa haba kabisa katika ziwa kubwa. Na samaki wadogo wa namna nyingi mno, waitwao furu kwa Kiswahili cha Tanzania, walipotea kwa mamia ya aina. Aliyemtia mgeni alikuwa na ndoo moja. Hakuna aliyepata ndoo ya kumtolea.

Mwenye shaka bado na aje karibu zaidi, katika Bonde la Ufa letu wenyewe. Pale Loboi, karibu na Ziwa Bogoria, pana chemchemi za moto, na ndani yake waliishi tilapia wa asili ambao hakuna mtaalamu aliyewajua, samaki wanaostahimili joto ambalo lingewaua wenzao. Ni hazina kwa mfugaji yeyote wa nchi yenye jua kali. Mwaka 2014 watafiti wakawatangaza, na katika tangazo lilo hilo wakaomboleza: damu yao imekwisha kuanza kuchanganyika na ya tilapia wa aina nyingine aliyeletwa bondeni kwa shughuli za ufugaji. Tuliwafahamu na kuanza kuwapoteza katika ukurasa mmoja.

Hapa nataka uniruhusu nikae kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini cha ugomvi wangu. Vijana walisema samaki wa mwitu ni wa jana na wa kufugwa ni wa kesho. Nani aliwaambia? Tilapia anayekua upesi ambaye sasa hufugwa katika nchi nyingi za Asia alianza kutengenezwa huko Ufilipino mwaka 1988, na waliomtengeneza walisafiri kuja Afrika kutafuta mbegu. Walichukua samaki wa mwitu wa Misri, Ghana, Senegal na Kenya. Naam, Kenya. Kesho yao waliikuta katika jana yetu. Ziwa lenye samaki wa nasaba safi ni ghala la mbegu, na mkulima mwenye akili, hata awe na njaa kiasi gani, hamwagi katika ghala la mbegu magunia ya nafaka asiyoijua. Ukileta katika Ziwa Turkana vifaranga vya tilapia walionunuliwa nyanda za juu, hutaongeza samaki. Utakoroga damu ya samaki aliyechukua maelfu ya miaka kujifunza kuishi katika maji ya magadi.

"Lakini wavu ni imara, hawatatoka." Hivyo ndivyo alivyojibu msemaji wa pili, na ukumbi ukakubali! Walikubali watu wa Turkana, ambao usiku hulala wakishikilia mabati ya nyumba zao. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Marsabit, upepo huo huo huzungusha mitambo 365 ya umeme tangu kiwanda kilipofunguliwa rasmi mwaka 2019. Waliojenga huko walitafuta mahali penye upepo mkali wa kudumu, wakapapata. Ziwa hili huinuka mawimbi kama bahari, na wavuvi wengi wamemezwa nalo. Nani atashona wavu wa kulishinda? Atakwambia ataweka vizimba mahali palipokingwa, ndani ya Ghuba ya Ferguson. Hapo ndipo chumba cha uzazi cha tilapia wetu! Na ghuba hiyo, kama nilivyosema, ilikauka katika miaka ya 1980. Tena kuanzia 2019 ziwa lilipanda likameza nyumba na mikoma ya ufukweni, na watu wakahama na vyombo vyao vichwani. Leo kizimba chako kiko majini, kesho kiko mchangani, kesho kutwa kiko katikati ya ziwa.

Nina jirani aliyechimba bwawa la samaki karibu na Kawalase, kile kijito cha mchanga kinachoingia Turkwel hapa Lodwar. Alileta vifaranga kutoka mbali, kwa gharama. Mwezi wa nne mvua ilinyesha milimani. Kwetu hapakuwa na wingu. Usiku kijito kikaja kwa ngurumo, na asubuhi bwawa halikuwapo, wala samaki. Alisikitikia shilingi zake, nami nikamsaidia kusikitika. Lakini macho yangu yalifuata njia ya maji: Kawalase, Turkwel, ziwa. Huenda wote walikufa matopeni. Huenda kumi walifika. Hakuna atakayejua, na hilo ndilo linaloniudhi katika jambo hili zima, kwamba anayepata hasara ya leo hujulikana kwa jina, bali hasara ya ziwa haina mwenyewe.

Sasa nifike kwenye swali lililoniuma kuliko yote. Lilitoka nyuma ya ukumbi, kwa mwanafunzi mmoja mwanamke aliyelelewa Kakuma, mama wa mtoto mdogo. Hakuwa msemaji wa upande wowote. Alisimama akasema, "Bwana Mwenyekiti, naomba kuuliza. Samaki wa mwitu ana haki gani ipitayo ya mwanangu?" Ukumbi ulinyamaza kimya. Kakuma si jina tu. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa huko mwaka 1992, na pamoja na makao ya Kalobeyei ina watu zaidi ya 200,000, na wenyeji waliowazunguka nao wana njaa zao. Mtu asiyewahi kusimama katika foleni ya mgao asimjibu mama huyo kwa haraka.

Mimi nasema swali lake ni la haki, na ndilo linalonifanya niwe adui wa vizimba. Dada yangu, uliza kwanza samaki wa kizimbani anakula nini. Tilapia akiwa huru hula mwani na vitu vidogo vya majini, hamgharimu mtu senti. Ukiwasonga elfu mbili katika chumba cha wavu, mwani hauwatoshi. Sharti walishwe chakula cha kiwandani, cha soya, pumba na unga wa samaki. Kwa kilo moja ya samaki utalisha kilo moja na nusu ya chakula hicho, au zaidi kama maji si mema. Na huo unga wa samaki ni samaki gani? Katika nchi yetu aghalabu ni omena, dagaa wa Ziwa Victoria. Sehemu kubwa ya omena inayovuliwa haifiki sahani ya mtu. Huenda kwa kuku, nguruwe na samaki wa kufugwa. Sasa nenda soko la Kakuma uone ni samaki gani anayepimwa kwa kikopo, anayenunuliwa na mama mwenye sarafu chache, anayekaa wiki kadhaa bila friji. Ni huyo omena. Basi kizimba humnunua samaki wa maskini, humlisha samaki wa tajiri, kisha humpeleka Nairobi hotelini, na bado huitwa msaada wa njaa. Mwanao hakuingia katika hesabu hiyo hata mara moja.

Wala kizimba hakimwondoi mvuvi ziwani. Anayemiliki vizimba ni mwenye mtaji. Mvuvi wa Kalokol ana wavu uliotoboka na deni la wavu huo. Kizimba cha mwingine hakimlipii. Atarudi ziwani kesho kama jana, ila sasa atazungushwa mbali na vighuba vilivyogawiwa. Kama nia ni kuwaokoa samaki wa Ziwa Turkana, mambo ya kujadili yapo, nayo ni mazito: tundu la wavu, vighuba vya uzazi kufungwa kwa miezi, na zaidi ya yote maji ya Omo, ambayo tangu bwawa la Gibe III lilipoanza kazi hayaji tena kwa mafuriko yake ya asili yaliyokuwa yakiwaita samaki kuzaa. Mwaka 2018 mbuga za ziwa hili, zilizo katika urithi wa dunia tangu 1997, ziliandikwa kuwa hatarini, na haikuwa kwa uhaba wa vizimba. Hoja hizo sikuzisikia usiku ule. Ni ngumu, na hazina picha nzuri ya kubandika ukutani.

Utaniuliza, je, nachukia ufugaji wa samaki? La hasha. Nachukia kuufanyia mahali usipoweza kurekebishwa. Utazame mto Tarach unaopita Kakuma. Hauendi ziwani, huteremka kaskazini ukapotelea katika nyanda za Lotikipi. Bwawa la Kakuma likibomolewa na mafuriko, hasara ni ya mwenye bwawa peke yake, na mchanga humaliza habari. Chimba huko. Weka tilapia wa ziwa hili hili, si mgeni. Mlishe mwani, na mwani ulishe samadi ya mbuzi, ambayo kwetu haina bei. Maji yenye samadi kidogo hugeuka kijani, na kijani hicho ndicho chakula. Pingamizi lipo: jua la Turkana hunywa maji kuliko ngamia, na ni aibu kumwagia samaki maji ambayo watu huyapangia foleni na mitungi. Pingamizi hilo ni la kweli, na silikwepi. Bwawa na liwe pale tu ambapo maji yake, yakiisha kuwafaa samaki, yanakwenda kwenye bustani, ili tone moja lifanye kazi mbili.

Mwanafunzi yule amekwisha kuhitimu, amerudi Kakuma kufundisha. Juzi alinipigia simu. Yeye na wazazi wa shule yake wamechimba bwawa la hatua kumi kwa sita chini ya bomba lililokuwa likivuja, wakalitandika karatasi ya nailoni. Nilimwuliza samaki wangapi. Alisema hawajafika bado, ila maji yamekwisha kuwa kijani na sukuma wiki iliyo kando imeota. Kisha akaniambia kwamba muhula ujao wanafunzi wake nao watajadili hoja ya vizimba, na kwamba ananiomba nije. Nimemjibu kwamba nitakuja, kwa sharti moja: kiti cha mwenyekiti apewe mtu mwingine.